Chaja Inabaki Kanyenye

Leodgar Kashindye aliichukua betri, akaipima uzito kiganjani, akaibonyeza kwa kidole gumba, kisha akaipeleka puani na kuinusa. Mama Eliya, mwenye duka, alicheka mpaka akashikilia meza.

"Baba Julieth, hiyo ni betri. Si tumbaku."

"Najua," alisema Leodgar, akainusa tena.

Tusimcheke sana. Tangu apate akili, mzee huyu wa Goweko alikuwa akilishwa na pua na vidole vyake. Tumbaku za majirani zikishatoka bani, yaani kile kibanda kinamokaushiwa majani kwa joto la moto, yeye ndiye aliyeitwa kuzipanga madaraja. Atashika jani, atalipinda, atalinusa, aseme hili la kwanza, hili la tatu, hili rudisheni shambani likawe mbolea. Soko likifunguliwa, marobota yaliyopita mikononi mwa Kashindye yalikuwa hayarudishwi. Kwa hiyo ukimwekea mbele kitu chochote cha kuchagua, kiwe nyanya, kiwe shati, kiwe betri, pua hutangulia.

Hata hivyo, kilichomvuta dukani siku hiyo hakikuwa betri. Alikuwa mwenye duka.

Inabidi turudi nyuma kidogo. Leodgar alikuwa mjane kwa miaka mingi. Watoto walikuwa wameshatawanyika, na pale nyumbani alibaki na dada yake Kulwa, pacha wake, aliyemtangulia kuzaliwa kwa muda wa kukoroga uji na ambaye hajawahi kumsamehe kwa kuchelewa. Leodgar lilikuwa jina la ubatizo. Kwa Kulwa alikuwa Doto, na atakufa akiitwa Doto.

Basi mwezi wa Aprili ikawa harusi hapo kijijini. Kutoka mjini Tabora alikuja shangazi wa bwana harusi, Levina, ambaye wote humwita Mama Eliya, mjane mwenye duka la tochi, redio na taa za sola mtaa wa Kanyenye. Ngoma ilipokolea Leodgar alijikuta mbele yake. Walicheza wimbo wa kwanza, wa pili, na wa tatu wakaucheza bila kuangalia watu. Mwishoni Mama Eliya alijipepea kwa kanga, akamwambia waziwazi, "Baba, unacheza vizuri. Ila unanuka kama bani lililoungua."

Watu waliangua kicheko. Leodgar naye alicheka, akaenda nyumbani, akakaa wiki nzima bila kuona ladha ya ugali. Mapenzi ni kikohozi, hayawezi kufichika, na yeye alikuwa na vyote viwili, mapenzi na kikohozi. Alivuta sigara tangu ujana, na sigara za dukani zikimwishia alijisokotea jani lake mwenyewe. Kulwa alipomwona anazungumza na mbuzi, alielewa. Akajifunga kitenge, akaenda Kanyenye kuulizia.

Jibu la Mama Eliya lilikuja limenyooka. "Mume wangu nilimzika kwa kifua. Alivuta mpaka siku za mwisho, na mikono yake ilipoanza kutetemeka, kiberiti nilimwashia mimi. Sitashika kiberiti cha mwanamume mwingine. Kashindye akiacha kuvuta, aje tuzungumze. Asipoacha, nitamkumbuka kwa kucheza."

Hilo ndilo lililokuwa mbele ya Leodgar: aache kuvuta ampate Levina, au aendelee kuvuta abaki na mbuzi.

Julieth, binti yake wa Dar es Salaam, alisimuliwa yote na shangazi yake Kulwa kwenye simu, pamoja na chumvi iliyoongezwa. Alicheka, akalia kidogo, kisha akatuma kifurushi kwa basi. Ndani mlikuwa na sigara ya umeme: kidude cheusi cha kujaa kiganjani, chenye mdomo kama wa filimbi, na vichupa vya maji yanayonukia.

"Humo hakuna moto, baba," alimweleza. "Betri inapasha maji, wewe unavuta mvuke. Sumu ya tumbaku bado imo, lakini kila kichupa kina kidogo kuliko kilichotangulia. Si dawa, na usimpe mtu ambaye havuti. Ni ngazi tu ya kushukia. Ukifika chini, unaiacha."

"Mvuke!" alisema Kulwa. "Maisha yote tunalima tumbaku inayoitwa ya mvuke, na mvuke wenyewe ndiyo kwanza tunauona leo."

Siku ya kwanza Leodgar alipuliza mawingu mpaka kuku wakahama uani. Kichupa cha kwanza kilikuwa cha vanila. Nyumba ikanukia keki ya ubatizo, na nyuki wa mizinga ya jirani wakaanza kumsindikiza shambani na kumrudisha nyumbani. Alijiona kijana. Siku ya pili kidude kikazima. Betri ilikuwa imeisha, na chaja Julieth alisahau kuiweka.

"Nenda mjini kanunue betri nyingine na chaja," alisema Julieth. "Ila uchague vizuri, baba. Betri ya ovyo ni hatari."

Achague! Hakuna neno ambalo lingemfurahisha zaidi. Na kwa nini aliyapita maduka yote yenye betri mjini, akaenda kuinama kwenye kizingiti cha Mama Eliya, hilo msiniulize mimi.

Hivyo ndivyo alivyojikuta akinusa betri.

"Kwa hiyo umeanza kuacha," alisema Mama Eliya, akikigeuzageuza kile kidude mkononi.

"Nimeanza kuanza."

"Na hii vanila ndiyo umejipaka?"

"Inatoka humo humo ndani."

Alicheka tena, na Leodgar akaona kwamba hata kama angerudi Goweko mikono mitupu, safari ingekuwa imelipa. Mama Eliya alipanga betri mbili mezani. Zote zilikuwa na umbo moja, nene kuliko kidole gumba cha mkulima.

"Hii ya zambarau haijisifu," alieleza. "Imeandikwa namba ya wastani, lakini inatoa nguvu nyingi kwa mkupuo mmoja bila kuchemka. Kidude chako kinavuta umeme kwa pupa, ndiyo betri inayokifaa. Hii ya manjano imeandikwa namba kubwa kama ya gari, lakini namba hiyo ni ya mdomo. Ni ya taa ndogo za uani. Zipime mkononi uone, ya manjano ni nyepesi."

Leodgar alizipima. Na hapa ndipo ufundi wake ulipomponza. Jani la daraja la kwanza ni la manjano, rangi ya limau lililoiva. Jani zito lina maji, au lina mchanga, au mwenyewe ni mwizi. Vidole vyake vilimwambia manjano na nyepesi, ndiyo yenyewe, na ubongo haukupewa nafasi ya kusema kitu.

"Nipe hii."

"Baba Julieth, nimekwambia hiyo ni ya taa za uani."

"Mama Eliya, mimi kuchagua ndiyo kazi yangu."

Kwenye chaja mambo yakawa yale yale. Kulikuwa na nzito yenye dirisha dogo linaloonyesha vistari, inayojizima yenyewe betri ikijaa. Kulikuwa na nyingine nyekundu, nyepesi, yenye taa moja tu na isiyojua kujizima. Alichukua nyekundu. Mama Eliya alishusha pumzi, akamfungia, akamwonya asiichaji akiwa amelala wala asiiweke kitandani. Leodgar alisikia sauti tamu tu, maneno yakapita juu kwa juu.

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Chaja nyekundu ilishinda imewaka taa, na betri ikatoka vile vile, hoi. Kidude kilitoa mvuke mara mbili, kikazima. Leodgar alikuwa na kiu ya moshi, na sigara zilikuwa kwenye kila duka la Goweko, hatua chache tu. Hakuzinunua. Badala yake alifanya jambo ambalo mtu yeyote aliyekulia Unyamwezi na redio ya mawe, zile betri kavu za zamani, angelifanya. Mawe ya redio yakichoka, unayaanika juani, na jioni unapata taarifa ya habari. Alikuwa amefanya hivyo tangu utoto na hayakuwahi kumwangusha.

Na kwa kuwa yeye si mwanikaji wa kawaida, aliboresha. Jani haliwezi kukauka kama unyevu umefungiwa ndani. Kwa hiyo aliichuna ile betri ganda lake la manjano, joto lipate kupenya, akaegemeza ngazi, akailaza juu ya bati la bani.

"Doto," alisema Kulwa, akiwa chini na ganda mkononi, "hapa wamechora jua wakalikata kwa mstari."

"Hao hawajui jua la Goweko."

"Nadhani ndilo walilolichora."

Betri iliyovuliwa nguo haipaswi kulala juu ya chuma, lakini Leodgar aliyajua hayo baadaye. Alikuwa bado kwenye ngazi akiigeuza ipate jua pande zote, kichwa cha betri na mbavu zake vikagusa bati kwa pamoja. Ilipiga mluzi. Ikafuata sauti ya chapati kwenye mafuta, kisha moshi mweupe, halafu ikaruka yenyewe, ikapita juu ya jogoo aliyekuwa amepumzika kwenye paa na kuangukia kwenye lundo la mchanga. Jogoo alivuka uzio na hakuonekana mpaka kesho yake. Majirani walikuja mbio na ndoo za maji, maana moshi juu ya bani ni msiba wa mwaka mzima. Walimkuta Kashindye amekaa chini ya ngazi, mzima wa afya, akinukia vanila, na nyusi moja imebaki nusu.

Alipokwenda tena mjini, alikuwa ameyafunga yale mabaki kwenye leso. Mama Eliya aliitazama leso, akaitazama nyusi.

"Uliianika."

"Kidogo tu."

Hakucheka. Alitoka nyuma ya meza, mama huyu mnene mwenye sauti ya kwaya, na kwa mara ya kwanza Leodgar alimsikia akipiga kelele. "Ungepofuka! Ungeungua uso wote huo! Nilikwambia, hukusikia! Unadhani mimi nauza nini hapa, peremende?" Wateja wawili waliokuwa wakiangalia redio walitoka taratibu. Kisha sauti yake ikashuka. "Nimechoka kuzika, baba Julieth. Kweli nimechoka."

Leodgar alisimama ameinamisha kichwa, kama inavyompasa mkosaji. Lakini ndani, Mungu amsamehe, alikuwa akicheza harusi ya Aprili upya. Mwanamke asiyejali hamfokei mtu namna ile.

Mama Eliya alirudi nyuma ya meza na safari hii hakumpa nafasi ya kuchagua. Alitoa betri mbili za zambarau, mapacha, zilizofunguliwa siku moja. Alitoa ile chaja nzito yenye dirisha. Alitoa kijisanduku cha plastiki cha kubebea betri.

"Humu ndimo itakamokaa. Isikae mfukoni na funguo, isikae na sarafu, chuma na chuma vikikutana utarudia yale ya juu ya bani. Ganda likichanika hata kidogo, hutumii, unaniletea. Juani, hapana. Jikoni, hapana. Na chaja haiachwi peke yake, lazima awepo mtu anayeiona."

"Nitaiona."

"Wewe? Wewe huoni, unanusa. Chaja inabaki hapa. Betri moja utakwenda nayo, nyingine itakuwa hapa nikiichaji. Kila Jumamosi utakuja kubadilisha. Ikiisha katikati ya wiki, uvumilie."

Hebu mwelewe huyu mtu. Alikuwa amekuja kuomba radhi, na sasa anaamriwa kumwona Levina kila Jumamosi. Alitoka dukani akapita njia ya stendi, akaipita stendi, akafika karibu na kituo cha reli ndipo akakumbuka kwamba alikuwa anatafuta gari la Goweko. Njiani alimsalimia kila mtu, hata waliokuwa wakizungumza na simu.

Zikaanza Jumamosi zake. Aliamka mapema, akaoga kwa sabuni ya kunukia, akavaa shati la harusi na kukiweka kijisanduku cha betri kwenye kikapu. Kulwa alikaa barazani kumuaga, na hakukosa la kusema.

"Babu wa babu yetu hakupewa mke mpaka alipokwenda Bagamoyo na kurudi, na pembe ya ndovu begani. Ndivyo walivyopimwa wanaume wa Unyamwezi. Na wewe nenda, Doto. Beba mzigo wako. Ukichoka njiani upumzike, usije ukaumia mgongo kwa betri moja."

"Bagamoyo hakukuwa na Levina," alijibu Leodgar, akaondoka akipiga mluzi.

Wakulima wenzake nao walimwandama. Wewe mzee wa madaraja ukiacha tumbaku, nani atatununulia? Unatuharibia soko! Aliwajibu kwamba tumbaku ataipanga na ataiuza, ila haitampanga yeye. Jibu hilo alilipenda sana, akalisema mara nyingi kuliko ilivyohitajika.

Ngazi ilimshusha kweli. Mwanzoni betri ilikuwa ikiisha Jumatano, na Alhamisi na Ijumaa alizunguka uani akiwagombeza kuku, akitafuna vijiti, akikata kuni ambazo hakuna aliyezihitaji. Vanila ikaisha akaingia kichupa cha embe, kisha cha mnanaa. Betri ikaanza kufika Ijumaa. Ikaanza kufika Jumamosi. Mama Eliya aliipachika kwenye chaja kila mara, wakaangalia pamoja vistari dirishani, vichwa vyao vimekaribiana, na kila kistari kilichobaki alikishangilia kama ushindi wa timu ya mtaa. "Imerudi na nusu!" Alimpa chai na maandazi. Alimsimulia kuhusu mwanawe Eliya, kuhusu kwaya, kuhusu paa lake linalovuja. Kikohozi kilipungua. Siku moja Leodgar aliokota jani la tumbaku, akalinusa, akasikia ndani yake harufu ya asali na udongo ambayo hakuwahi kuisikia tangu ujana. Aliita watu waje wainuse. Walimwona kichaa.

Halafu, mara tu baada ya msimu wa soko kwisha, ikapita wiki nzima bila kukigusa kidude. Hakukusudia. Alikumbuka tu Ijumaa, akiwa anamwagia miche maji, kwamba hajavuta. Alisubiri kiu ije. Haikuja. Kichupa cha mwisho hakuwa amekifungua hata kifuniko.

Mwingine angepiga magoti kushukuru. Leodgar alikaa chini akashikwa na hofu. Betri ilikuwa imejaa pomoni. Kesho ni Jumamosi. Ataibeba betri iliyojaa aende kubadilisha na nini? Atafika mlangoni, Mama Eliya ataangalia dirisha, atasema hongera, baba Julieth, umeshapona, basi huna haja tena ya kuja. Atampa mkono. Jumamosi zitakuwa zimekwisha, chai imekwisha, vichwa kukaribiana kumekwisha. Ndiyo, mama mwenyewe alisema akiacha watazungumza. Lakini maneno ya Aprili, nani anajua kama bado yana uzito? Penye mapenzi akili za mzee hurudi utotoni, na mtoto akiogopa hujificha.

Kulwa alikuwa na tochi inayotumia betri ya aina ile ile. Leodgar aliitia betri humo, akaiwasha, akaiweka juu ya ukuta wa uani. Ilishinda imewaka mchana kutwa, jua likiwa utosini. Jioni ilikuwa hoi.

"Unamulika nini?" aliuliza Kulwa.

"Nyamaza."

Jumamosi aliipeleka. Mama Eliya aliipachika, akaona kistari kimoja tu, akasema, "Aa." Alimpa chai, lakini Leodgar alikuwa na furaha mno ya kuwa pale hata hakuisikia ile aa. Wiki iliyofuata aliwasha tochi tena, na iliyofuata tena. Aliona chai inapungua sukari. Aliona maandazi hayapo. Akadhani biashara imekuwa ngumu, akamwonea huruma, akamletea asali. Ole wake! Mtu aliyeweza kusoma jani kwa ncha ya kidole alishindwa kuusoma uso uliokuwa mbele yake.

Jumamosi moja ya Oktoba, mawingu ya kwanza yakijikusanya juu ya mji, Mama Eliya alipokea betri bila salamu ndefu. Aliipachika. Kistari kimoja. Akaichomoa, akachomoa na ile nyingine, akavuta waya wa chaja ukutani, akauviringa taratibu, akavisukuma vyote upande wa Leodgar.

"Chukua. Ukachaji kwako."

"Nimekosa nini, Mama Eliya?"

"Ilikuwa ikirudi na nusu. Ikaanza kurudi na zaidi ya nusu. Nikasema mtu huyu anashuka ngazi, nikaanza hata..." Alisita. "Sasa wiki baada ya wiki inarudi tupu. Umerudi kule kule. Nilikwambia sitashika kiberiti cha mwanamume mwingine, na hii chaja ni nini, kama si kiberiti? Kila Jumamosi nakuwashia mwenyewe, kwa mkono wangu. Siwezi tena."

Leodgar alihisi duka linazunguka pamoja na redio zake zote. "Mimi sivuti," alisema.

"Usinidanganye."

"Sivuti, Levina."

Hakuwahi kumwita hivyo. Mama Eliya alinyoosha mkono. "Kitoe hicho kidude nikione."

Leodgar alipekua chini ya kikapu, chini ya viazi alivyomletea, akakitoa. Kilikuwa na vumbi la dirishani, alikokiacha wiki zote hizo. Mama Eliya alikipangusa kwa kanga, akakiinua kwenye mwanga kuchungulia mdomo wake, asione kitu. Tundu lilikuwa limezibwa kwa udongo mkavu, laini, uliosilibwa kwa ufundi. Alichokoa kwa pini. Ukamwagika mezani udongo, vijibuibui vilivyokauka, na kiwavi mdogo mweupe wa nyigu.

Wote wawili walikiangalia kile kiwavi.

"Nyigu hajengi mlangoni pa mtu anayeingia na kutoka," alisema Mama Eliya polepole.

"Hajengi."

"Sasa umeme unakwenda wapi?"

Leodgar alitazama viatu vyake. "Kwenye tochi."

"Tochi gani?"

"Ya Kulwa. Naiwasha asubuhi naiweka ukutani. Inamulika mpaka jioni."

"Inamulika nini mchana?"

"Jua."

Mama Eliya alikiweka kidude mezani. "Kwa nini?" aliuliza, na sauti yake haikuwa tena ya mwenye duka.

"Betri ikija imejaa, ungeniambia sina haja ya kuja."

Mama Eliya alikaa chini kwenye kigoda, akajifunika uso kwa kanga. Mabega yalianza kutikisika, na Leodgar hakujua kama analia au anacheka mpaka kanga iliposhuka, akaona vyote viwili vinafanyika. "Mwezi mzima," alisema, akivuta pumzi, "mwezi mzima nakasirika peke yangu hapa, nakosea hata chenji za watu, kwa sababu ya tochi! Mwanaume mzima unamulika jua! Haya. Sema sasa. Sema ulichokuwa unakuja kusema."

Leodgar alikuwa na maneno mazuri aliyofundishwa na Kulwa, yenye babu na ng'ombe na heshima za pande mbili. Yote yalimtoroka. Alisimama katikati ya duka, kikapu mkononi, shati la harusi limemlowa mgongoni.

"Nataka niwe nakuja bila kubeba kitu," alisema.

Mama Eliya alijifuta macho, akachukua simu mezani, akatafuta jina, akapiga, akasubiri huku akimtazama yeye tu. Upande wa pili Kulwa alipokea kwa sauti yake ya kuita ng'ombe, ikajaa duka zima.

"Shikamoo, wifi," alisema Levina.

Kutoka Goweko kikaja kigelegele kirefu hata Levina akaisogeza simu mbali na sikio. Leodgar Kashindye aligeukia rafu ya redio ili wateja waliokuwa wakiingia wasimwone uso, akaanza kuzihesabu redio kwa sauti, na kila alipofika ya tatu alipotea akaanza upya.